Kiwanja mita 20 kwa 30, Kange Tanga: chumba cha mama nikiweke wapi?

Mwalimu wa Kange · Jumanne, saa 3 usiku

Assalaam aleikum, na kwa wengine habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho. Fundi ananisubiri Jumatatu apige kamba za msingi, na ramani niliyonayo bado haijanikaa moyoni.

Sisi ni watu wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa ile ya Kiswahili ambayo wengi mmekulia: baraza mbele, ukumbi ulionyooka toka mlango mkubwa hadi uani, vyumba vitatu mkono huu, vitatu mkono huu, na uani kuna jiko, choo, bafu na kisima. Tumezaliwa humo watano. Mwaka jana tuliiuza milioni 96 ili kila mtu apate haki yake. Mama akapata thumni yake, yaani moja ya nane, milioni 12. Kaka yetu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho wakapata 24 kila mmoja, sisi wasichana watatu 12 kila mmoja. Hatukugombana, alhamdulillahi. Lakini mama alitoka kwenye nyumba aliyoingia bibi harusi mwaka 1974, na sasa yupo kwangu kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Tumeunganisha hela zangu na za mama, mdogo wetu ameweka milioni 10, na mume wangu anaongeza kila akirudi safari (ni dereva wa lori, anaweza kukaa wiki mbili njiani). Kiwanja kimeelekea kusini, barabara ipo upande huo, upana 20 na kina 30.

Watakaokaa humo ni mama, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu (mvulana wa miaka 17, wasichana wa 13 na 6), mdogo wetu wa mwisho ambaye anaoa mwakani in shaa Allah, na dada yangu ambaye ndoa yake imevunjika na anarudi na mtoto mmoja.

Mchoraji ameniletea nyumba ya kisasa. Sebule kubwa katikati, vyumba vinne vimeizunguka, kimoja masta, choo kimoja cha wote, jiko ndani. Mama amewekwa chumba cha nyuma kabisa, jirani na choo, "apumzike, kelele zisimfikie". Kwenye karatasi inapendeza sana. Ila nikiwaza siku yenyewe ya kuishi humo, inanishinda.

Wageni wa mume wangu wakikaa sebuleni, dada yangu hawezi kutoka chumbani kwenda jikoni mpaka avae baibui. Mke wa mdogo wangu, mwali mgeni, akitaka kuoga atapita na kanga yake mbele ya mume wangu, halafu mbele ya mlango wa mama mkwe wake. Mwanangu wa miaka 17 ametenganishwa na mtoto wa kike wa mama yake mkubwa kwa ukuta mmoja. Hakuna mtu mbaya hapo, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na ndiyo maana kila mmoja atakuwa anajificha.

Jambo la mama ndilo linaloninyima usingizi. Mama ana miaka 71 na bado anapika vitumbua. Kila alfajiri akishasali, anakaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha kwa sababu goti halikunji tena, karai la matundu saba lipo mbele yake. Anatia mafuta kila tundu, anamimina rojo kwa upawa, anasubiri kingo zishike rangi, kisha anavigeuza kwa spoku ya baiskeli, kimoja kimoja, bila kuvitazama. Macho yapo barabarani. Ngamiani, kabla karai la pili halijaiva, alikuwa ameshajua nani amefiwa, nani amesafiri, na mtoto wa nani hajakwenda shule leo. Tangu ahamie kwangu anapikia uani, mjukuu anapeleka beseni dukani. Pesa inapatikana ile ile. Ila haniulizi tena habari za mtu yeyote. Hiyo inanitisha kuliko goti.

Nauliza: mama akae mbele au nyuma? Nyumba iwe moja au mbili ndani ya ua mmoja? Na jiko je, moja au mawili? Aliyewahi kujenga nyumba ya wazee na vijana pamoja aniambie alichokutana nacho.

---

Fundi Kamba · Jumanne, saa 4 usiku

Waalaikum salaam mwalimu. Mimi ni fundi, huu mwaka wa 22, kazi zangu nyingi Dar na Bagamoyo. Jumatatu usipige kamba. Shimo likishachimbwa mwenye nyumba huona haya kubadilisha, na jamvi (zege la sakafu) likishamwagwa ndiyo basi.

Ramani uliyoletewa nimeijenga mara nyingi. Imechorwa kwa baba, mama na watoto wawili wadogo. Watu wako ni tisa, mwakani kumi, na wanne kati yao hawatakiwi kukutana wakiwa na taulo.

Tuanze na jua na upepo, kwa sababu hivyo havibadilishwi na mtu. Tanga ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosini mwaka mzima, kwa hiyo kuta zinazoungua ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni. Upepo unaoutaka ni kusi, kuanzia masika hadi karibu na vuli, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Nyumba ndefu kuelekea mashariki na magharibi, madirisha yakitazama kusini na kaskazini, inapitisha hewa misimu yote miwili. Ukuta wa magharibi wape stoo, choo na bafu. Ukimlaza mtu huko, tofali za inchi 6 zinaendelea kutoa joto usiku hata feni haisaidii.

Bahati yako kiwanja kinaruhusu. Upana 20, ukiacha mita 2 kila upande unabaki na 16. (Uliza halmashauri kipimo chao cha kuacha mpakani kabla ya mchoro wa mwisho, na usisogeze hata sentimita.) Nyumba ya mbele iwe 16 kwa 9. Nyuma yake acha ua wa mita 8. Mwisho weka banda la uani, 16 kwa 5. Zinabaki mita 8, unazigawa mbele na nyuma. Hiyo ni ile ile nyumba ya Ngamiani, ila banda la nyuma sasa ni makazi kamili, lina vyumba viwili, choo, jiko dogo na mlango wake. Mdogo wako akioa anaanzia hapo. Watoto wakizaliwa wanachezea ua ule ule ambao bibi yao anauona.

Kuhusu goti. Wengi wananyanyua jamvi sentimita 45 kukimbia maji ya mvua, halafu wanaweka ngazi tatu. Usiweke ngazi tu, weka na mteremko wa kupandia. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo 45 zinataka mita 5 na sentimita 40. Baraza lako lina mita 16, mteremko utalala sambamba nalo na hautaonekana kama wa hospitali. Tia sakafu ya kukwaruza, isiwe laini.

Na choo cha mama. Kwenu qibla, upande tunaoelekea tukisali, ni kaskazini karibu kabisa. Sinki la choo litazame mashariki au magharibi, na uamuzi huo ufanyike kabla ya jamvi kwa sababu bomba linazikwa. Mimi niliwahi kukosea nyumba moja ya Bagamoyo, sinki likatazama kaskazini. Bibi wa nyumba ile alikwenda choo cha jirani miezi miwili, hakumwambia mtu, hakutaka kumsumbua mwanawe aliyemjengea. Mjukuu ndiye aliyeniambia. Nilivunja jamvi kwa gharama yangu, na mpaka leo nikifika kwenye bomba la choo nauliza kwanza kama wenye nyumba wanasali.

---

Bint Amu · Jumanne, saa 5 usiku

Dada, salaam. Mimi ni wa Lamu, naishi Mombasa. Nimesoma habari ya mama yako na spoku yake nikanyamaza kidogo.

Kwetu jambo hili lilifikiriwa zamani sana. Mwenye uwezo akimwoza binti hakumtoa mbali. Alimpa nyumba, na mara nyingi ilikuwa dari, yaani ghorofa ya juu, ya nyumba ya wazazi au nyumba ya ubavuni. Na kama kuna njia katikati ya nyumba mbili za jamaa, waliijengea wikio, chumba kinachopita juu ya njia toka nyumba hii hadi hii. Chini watu na punda wanapita, juu mama na binti wanatembeleana kwa kanga zao za nyumbani. Mawikio yapo mpaka leo, ukipita Mji Mkongwe wa Lamu unatembea chini yake.

Ndani nako kulikuwa na daraja zake. Unaanzia dakani, baraza la mlangoni, hapo kila mtu anakaa. Unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vyumba virefu vya kukaa, na mwisho ndani, kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani. Kila hatua unayopiga, watu wanaoruhusiwa wanapungua. Mgeni wa kiume hakufika kwenye kiwanda bila hodi, kwa hiyo hakuna mwanamke aliyeshikwa na ghafla. Vyumba vilikuwa vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, kwa sababu boriti za mkoko hazibebi zaidi ya hapo. Lakini ndani ya wembamba ule kila mtu alikuwa na mahali pake.

Sasa angalia, bibi yangu alikaa ndani kabisa, mbali na barabara, na hakupitwa na habari hata moja. Kwa nini? Kwa sababu njia ya wanawake wote wa mtaa ilipita kwake, kwa wikio na kwa milango ya nyuma. Kwa hiyo usiulize tu kama mama akae mbele au nyuma. Uliza ni nani atapita mbele yake toka asubuhi hadi jioni. Kwako wewe, kwa kazi yake, naona ni barazani.

La mwisho ni zito, nisamehe. Bibi alifia Mombasa, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya nne. Ngazi zile zilikuwa zinakata kona fupi fupi. Tusi, kitanda cha kubebea maiti, halikupinda. Wajomba zangu walimbeba kwa shuka mpaka ghorofa ya pili, pale ndipo tusi lilipoweza kusubiri. Nilikuwa nyuma yao nimeshika ncha ya shuka ili isiburuze. Unajenga nyumba ya watu wa rika zote, basi pima na njia hiyo. Ukumbi unyooke. Na bafu moja liwe na nafasi ya watu wanne kusimama kuzunguka kitanda cha kuoshea maiti, na maji yake yawe na njia ya kutoka.

---

Mwalimu wa Kange · Jumatano, saa 12 asubuhi

Bint Amu, Mungu amrehemu bibi yako. Nimesoma ujumbe wako alfajiri, mama ananisikiliza huku anapika. Nilipofika kwenye tusi nilitaka kuruka. Akaniambia soma. Nikasoma. Akageuza vitumbua viwili, akasema, "Kwa baba yako walitoka naye moja kwa moja, hawakugusa hata mlango."

Fundi Kamba, mchoro wako wa maneno nimeuchora kwenye daftari la wanafunzi, kila mraba mita moja. Inaingia.

---

Mzee wa Baraza · Jumatano, saa 4 asubuhi

Mwanangu mwalimu, nimekaa kwenye baraza la ardhi la kata miaka sita. Wenzangu wameongelea kuta, mimi niongelee karatasi.

Umesema mama ameweka milioni 12 zake. Ameziweka kama nini? Kama ni deni, siku akiondoka wewe unalilipa kwenye mirathi yake kabla haijagawanywa. Kama ni hisa, ana sehemu ya nyumba, na sehemu hiyo itarithiwa na watoto wote watano, mafungu saba kama mlivyogawana ya baba. Kama ni hiba, amekupa wewe, basi hiba ikamilike sasa hivi angali mzima, useme umepokea, na mashahidi wawepo. Msiiache ije kuwa wasia. Wasia hauzidi theluthi, na mrithi haandikiwi wasia mpaka warithi wenzake waridhie.

Yote matatu ni halali. Ubaya ni kutosema. Nimesikiliza shauri la ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anasema mama aliweka bati, mwingine anasema mama alitoa zawadi ya bati. Wamekaa benchi moja mbele yetu bila kutazamana. Na bati lenyewe lilikuwa limeshaota kutu.

Waite nduguzo wote, hata kaka mkubwa ambaye hatakaa humo. Andikeni. Mdogo wako naye na milioni 10 zake aandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja kwa hisa, kila mmoja hisa yake ikajulikana. Msimtegemee mume wako kusimamia hili, mkwe akikaa katikati ya mirathi ya wakweze anaonekana mbaya hata akiwa mwema.

Banda la nyuma liombeeni mita yake ya Luku tangu mwanzo. Nimeona ndugu wanavumiliana kwenye makubwa wakaja kushindwana kwenye uniti.

---

Nesi wa Mwanza · Jumatano, saa 8 mchana

Mimi nahudumia wazee wodini. Fundi amesema vizuri, niongeze bafuni tu, kwa sababu wengi wanaoletwa wamevunjika nyonga wameangukia bafuni usiku.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 na ufungukie nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na mnaanza kuvunja wakati yeye yupo chini. Sakafu isiwe na kizingiti hata cha inchi mbili, maji yaongozwe kwa mteremko mdogo. Marumaru za kung'aa zipeleke sebuleni, huku weka za kukwaruza. Sinki la choo liwe la kukaa, kimo cha sentimita 45 hadi 48, goti halina shida ya kunyanyuka hapo. Vishikio viwili ukutani, na mwambie fundi avizamishe kwenye zege au nguzo. Kikiingia kwenye plasta tu kitang'oka siku anapokihitaji.

Swichi ya taa iwe mahali mkono wake unafika akiwa amelala. Na toka kitandani hadi chooni zisizidi hatua sita. Mama ana haki ya choo chake mwenyewe, dada. Mzee anayeona haya kukutana na mkwe usiku hujizuia kunywa maji kuanzia magharibi, kisha mnamleta kwetu amekauka.

---

Mwalimu wa Kange · Ijumaa, saa 2 usiku

Ndugu zangu, jana baada ya shule nilimchukua mama kwa bajaji hadi Kange. Nilibeba kigoda chake, kamba ya katani na vijiti. Mwanangu wa kwanza akawa anapima kwa hatua, mdogo wangu anachomeka vijiti. Tulichora nyumba nzima chini kwenye majani.

Nilimwambia mama akae pale anapotaka. Alisimama kwanza katikati ya kiwanja kama anasikiliza. Kisha akaenda pembe ya kusini mashariki, akaweka kigoda, akakaa, akanyoosha mguu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema, "Geti liwe hapa, nione anayeingia kabla hajabisha hodi." Basi hapo ndipo chumba chake. Dirisha moja kusini, moja mashariki, mlango wake mdogo unatokea barazani, na mlango wa ndani unaingia ukumbini. Choo chake hatua tano kutoka kitandani, tumezipiga kwa miguu yake yeye, siyo yangu. Sinki litatazama magharibi.

Dada yangu na mwanawe chumba kinachofuata nyuma ya mama. Usiku mama akiita, wa kwanza kusikia ni yeye. Mimi na mume wangu na mabinti upande wa pili wa ukumbi. Sebule ya wageni ipo mbele upande wa magharibi, ina mlango wake wa barazani, na ikifungwa mlango wa ndani hakuna anayeona ukumbini. Vyumba vyetu vya kulala tumevivuta ndani, stoo na bafu vimebaki kwenye ukuta wa magharibi. Ukumbi umenyooka mlango hadi uani, upana mita 1 na sentimita 80. Mdogo wangu na rafiki yake walipita wamebeba kirago wamekinyoosha kati yao, wakaenda na kurudi. Mama akawatazama tu, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyesema tunapima nini.

Uani, banda la mdogo wangu na jiko lake. Mwali akitaka kupika peke yake apike, akitaka kuja kwetu mlango haufungwi. Mwanangu chumba cha mwisho wa banda, mlango wake unatazama ua. Amefurahi sana, sijamwambia kwamba bibi yake akikaa ukumbini anauona mlango ule mzima.

Mzee wa Baraza, shikamoo. Jumapili tunakutana wote kwa dada yetu wa pili, kaka mkubwa anatoka Korogwe. Mama ameshasema lake: ni hiba kwangu na kwa dada anayerudi, nusu kwa nusu, na anataka kulisema mbele ya wote wanne wakiwa wamekaa. Nimelia kidogo, nisiwafiche. Sikujua kwamba alikuwa anamfikiria dada namna hiyo.

Limebaki moja. Mama atapikia barazani, na baraza limeelekea kusini. Kusi likivuma, moshi wa mkaa si utaingia wote ndani? Fundi Kamba, jiko niliweke upande gani?

---

Fundi Kamba · Ijumaa, saa 3 usiku

Swali zuri. Kusi linakuja limeegemea mashariki kidogo, kwa hiyo moshi unasukumwa kaskazini magharibi. Weka jiko mwisho wa baraza upande wa magharibi, mbali na chumba cha mama, na mwinulie kiukuta cha mita 1 nyuma yake. Msimu wa kaskazi nyumba yenyewe ni kinga, moshi utatoka barabarani. Tabu ni kwamba mama atakuwa anatembea baraza zima, mita 13 hivi, kila alfajiri. Weka kishikio ukutani.

---

Mwalimu wa Kange · Jumamosi, saa 1 asubuhi

Fundi, nimemsomea mama jibu lako. Amesema nikuambie ahsante sana, lakini siyo hivyo. Kusi linaamka jua likishapanda. Yeye anawasha jiko kabla ya jua, na saa hiyo kunavuma umande, unatoka bara kwenda baharini, hata msimu wa kusi. Ukiweka jiko magharibi, moshi wote unalala barazani mpaka dirishani kwake. Jiko liwe mwisho wa mashariki, kwenye pembe, nje kidogo ya dirisha lake, moshi uende zake kwa bahari. Saa 3 kusi likianza, yeye ameshazima.

Leo alfajiri nilitoka nje kuhakikisha. Nilishika uzi wa pamba juu ya karai. Ulilala kuelekea mashariki, sawasawa na alivyosema, mpaka saa 2 kasoro.

Kwa hiyo pembe ya mashariki, hatua tatu toka mlangoni kwake, geti lipo mbele yake. Nimeichora. Kamba tunapiga Alhamisi, si Jumatatu, mchoraji ameomba siku tatu kurekebisha na kupeleka halmashauri. Kiukuta cha mita 1 tumekubali, ila mama anauliza kama kinaweza kuwa na upana wa kuwekea beseni na kukalia mtu mmoja. Anasema wateja wake wengine ni wazee kama yeye.